Kushindwa Kuzuia Mkojo ni Ugonjwa, Si Aibu



Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wagonjwa wengi hututajia mwisho kabisa, wakiwa wamekwisha kuinuka waondoke: kushindwa kuzuia mkojo. Wapo akina mama wa Kariakoo wanaoshinda kwenye biashara bila kunywa maji, kwa sababu choo ni cha kulipia na kiko mbali. Wapo wazee katika nyumba za kupanga, ambamo vyumba vyote hutumia choo kimoja cha uani, ambao wameacha hata kuja Misa wakiogopa kunuka. Huu si uchafu, wala si uzee tu. Ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi tiba au nafuu ipo.

Chanzo ni nini?

Wengine mkojo huwaponyoka wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua mzigo. Hali hii huwapata zaidi wanawake waliozaa, kwa kuwa misuli ya nyonga imelegea. Wengine hubanwa ghafla wasiwahi chooni. Sababu nyingine ni maambukizo ya njia ya mkojo, kisukari, kiharusi, kuumia uti wa mgongo, kufunga choo, na kwa wanaume tezi dume kuvimba. Basi jambo la kwanza ni kwenda kupimwa. Mkojo wenye damu, homa, kushindwa kabisa kukojoa, au miguu kufa ganzi ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama ambaye baada ya uchungu wa muda mrefu mkojo unamtoka mfululizo usiku na mchana, huenda ana fistula. Kichwa cha mtoto kilibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka nyama ikafa na kutoboka. Hakurogwa. Apelekwe mapema, maana tundu dogo jipya huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Lililo kubwa hushonwa. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani imekuwa ikitibu fistula bila kumtoza mgonjwa.

Jinsi ya kumhudumia mgonjwa

Haya ndiyo tunayofuata wodini, nanyi mnaweza kuyafuata nyumbani:

1. Mpeleke chooni au mpe poti kila baada ya saa 2 au 3, kabla hajabanwa.

2. Usimnyime maji. Mkojo mzito huwasha kibofu na kuzidisha shida. Punguza chai na kahawa, hasa jioni.

3. Akilowa, mbadilishe mara moja. Msafishe kwa maji na sabuni laini, mkaushe bila kumsugua, mpake vaselini kidogo. Vipande vya khanga kuukuu vinafaa. Vifuliwe na kuanikwa juani. Nailoni ikae chini ya shuka, isiguse ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2 asipate vidonda.

4. Mpira wa mkojo usiwekwe ili kumpunguzia muuguzi kazi, kwa kuwa huleta maambukizo. Aliye nao, mfuko wake ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu.

5. Mama ambaye mkojo humponyoka akikohoa akaze misuli kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi 5, alegeze. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Avumilie miezi 3.

6. Funga pazia, ongea taratibu, usimgombeze. Mwite "Bibi" au "Baba" kama siku zote. Mtu mzima si mtoto mchanga.

Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo zikiona mzee ameacha kuja, zimtembelee. Kiti karibu na mlango na mtu wa kumsindikiza chooni vinaweza kumrudisha kanisani.