Gharama Nafuu kwa Nani? Kompyuta na Upangaji wa Njia za Mabasi

Mpangaji wa usafiri huipa kompyuta mambo matatu: vituo vilipo, idadi ya abiria wanaotoka kituo kimoja kwenda kingine, na gharama ya kuendesha gari. Programu hujaribu mipangilio mingi na kuchagua ule wenye gharama ndogo kuliko yote. Mtumiaji wa huduma anapaswa kuuliza: gharama za nani?

Tuchukue mfano wa abiria atokaye Lwangwa, Busokelo, kwenda Mbeya. Tuseme safari moja ya Kosta yenye viti 30 humgharimu mwenye gari shilingi 90,000. Viti vikijaa, kila abiria hubeba shilingi 3,000. Wakiwa 15 tu, kila mmoja hubeba 6,000. Kwa hesabu hiyo kompyuta yaweza kupendekeza gari dogo liwashushe abiria Katumba, kwenye barabara kuu, wangoje basi litokalo Tukuyu. Mafuta yameokolewa. Lakini mama mwenye mikungu miwili ya ndizi amesimama saa nzima katika mvua ya Rungwe, ambayo haina mzaha, na mzigo wake ameulipia mara mbili. Ikiwa mpangaji hakuipa saa ile thamani yoyote ya fedha, kompyuta imeihesabu kuwa sifuri. Haikukosea hesabu, haikuambiwa.

Vivyo hivyo kwa safari zisizoandikwa popote. Jijini Nairobi ilibidi wanafunzi wa chuo kikuu wapande matatu wakiwa na simu, wakirekodi kituo kwa kituo, ndipo ramani ya njia hizo ikatolewa mwaka 2014.

Hapa nchini, LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ndiyo itoayo leseni za njia na kupanga ukomo wa nauli. Kwa hiyo dai tiketi inayotaja unakotoka na unakokwenda. Gari likikatisha safari, andika namba yake, mahali na saa, kisha wasilisha malalamiko. Na unapoitwa kutoa maoni kuhusu nauli au njia mpya, uliza: abiria walihesabiwa kiangazi au masika? Siku ya soko ilihesabiwa? Muda wa kungoja Katumba umewekwa shilingi ngapi?