Nywele Kunyonyoka Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Lini Ni Kawaida na Lini Ni Dalili ya Upungufu

Mgonjwa anayejiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito huelezwa juu ya kutapika, mawe ya nyongo na hatari ya mshono kuvuja. Juu ya nywele mara nyingi haelezwi kitu. Kisha mwezi wa tatu au wa nne unafika, uzito unashuka kama alivyotarajia, na asubuhi moja anaona kitana kimejaa nywele kuliko siku zote. Anapozifumua alizosuka, zinatoka kwa mafungu.

Hofu inayomshika si ya urembo peke yake. Katika jamii zetu, mtu aliyekonda kwa haraka na nywele zake zikapungua husomwa kuwa ana ugonjwa mkubwa: UKIMWI, kifua kikuu, au saratani inayotibiwa kwa dawa kali. Wengi hawakuwaambia ndugu wala majirani kwamba walifanyiwa upasuaji, kwa hiyo hawana jibu rahisi wanapoulizwa. Baadhi huacha vidonge vya vitamini wakidhani ndivyo vinavyong'oa nywele. Baadhi huacha kwenda kliniki. Wengine huzunguka maduka ya vipodozi wakinunua kila kinachoahidi kurudisha nywele. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaowapokea, kwa kuwa wengi hupasuliwa katika hospitali kubwa ya mjini au nje ya nchi, na swali lao la kwanza juu ya nywele hulipeleka kwenye kituo cha afya cha jirani.

Unywele na zamu zake

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila unywele una ratiba yake. Kwanza hukua, kwa kipindi cha miaka miwili hadi sita. Kisha hupita katika kipindi kifupi cha mpito cha wiki mbili au tatu. Baada ya hapo hupumzika kwa takriban miezi mitatu, shina lake likiwa limeacha kulishwa, mpaka unywele mpya unaoota chini yake uusukume utoke. Wakati wowote, kama tisa katika kumi ya nywele zetu zinakua, na moja katika kumi imepumzika.

Hesabu hii ndogo inaeleza mengi. Moja katika kumi ya nywele 100,000 ni nywele 10,000, na zote zitatoka ndani ya siku kama 100. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kila mtu mwenye afya. Sasa tuseme mwili umepata mshtuko, na nywele nyingi zilizokuwa zikikua zimeingia mapumzikoni kwa pamoja, hata zilizopumzika zikafika tatu katika kumi. Zitakapotoka, zitakuwa kama 300 kwa siku. Hakuna kilichooza wala kufa kichwani. Zamu tu zimeangukiana.

Hali hii aliielezea daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961, akaiita telojeni efluviamu, yaani kumwagika kwa nywele zilizo katika mapumziko. Huonekana pia baada ya kujifungua, baada ya homa kali, baada ya kutokwa na damu nyingi, na baada ya njaa.

Upasuaji wa kupunguza uzito huleta mishtuko kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna upasuaji wenyewe na dawa ya usingizi. Kuna kushuka kwa uzito kwa kasi ambayo mwili huitafsiri kama njaa. Na kuna chakula kidogo mno katika wiki za mwanzo. Mwili unapobana matumizi huanza na kazi zisizo za lazima kwa uhai, na kukuza nywele ni mojawapo. Uamuzi huo hufanyika wiki ya kwanza, lakini mgonjwa huuona miezi mitatu baadaye, kwa sababu unywele uliopumzika haudondoki papo hapo. Ndiyo maana wengi hutafuta kosa katika walichofanya wiki iliyopita, kama mafuta mapya ya nywele au kidonge kipya, ilhali chanzo kilikwisha kupita.

Kalenda ndiyo kipimo cha kwanza

Kabla ya kuagiza kipimo chochote cha damu, mhudumu na aulize tarehe mbili: ya upasuaji, na ya nywele kuanza kutoka. Nywele zilizoanza kutoka kati ya mwezi wa pili na wa nne, zikapungua kichwa kizima bila kuacha mabaka, kwa mgonjwa anayekula na kumeza vidonge vyake, kwa kawaida ni za mshtuko. Hutoka kwa miezi mitatu hadi sita, kisha hupungua zenyewe. Ni nadra mtu kupoteza zaidi ya nusu ya nywele zake, na kipara kamili hakitarajiwi.

Nywele zilizoanza kutoka baada ya miezi sita, au zinazoendelea kutoka kwa wingi mwaka ukiwa umetimia, ni habari nyingine. Hapo mshtuko wa upasuaji hautoshi kuwa maelezo, na upungufu wa lishe hutangulia katika orodha ya vyanzo: madini ya chuma, zinki, protini, wakati mwingine vitamini B12 na asidi ya foliki. Katika upasuaji wa njia ya mkato, chakula huruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mahali ambapo madini ya chuma hufyonzwa zaidi. Aliyepunguziwa mfuko wa chakula naye ana asidi kidogo tumboni, na bila asidi hiyo chuma cha mimea hakifyonzwi vizuri. Mwanamke anayepata hedhi nzito yuko hatarini zaidi, na swali la hedhi lisiachwe kwa sababu ya haya.

Muulize pia kama anakula udongo, hiyo pemba inayouzwa sokoni, au kama anatafuna barafu. Wengi hawatalitaja mpaka waulizwe, na tamaa hiyo ni dalili inayofahamika ya upungufu wa chuma.

Kipimo cha feritini ndicho kinachoonyesha akiba ya chuma mapema zaidi. Wataalamu wengi huchukulia kiwango kilicho chini ya nanogramu 30 kwa mililita kuwa upungufu, hata kabla damu haijapungua. Lakini feritini hupanda mwilini kukiwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo kiwango cha kawaida kwa mgonjwa mwenye homa au kidonda hakimwondolei mashaka. Pasipo na feritini, picha kamili ya damu inayoonyesha chembe nyekundu ndogo na zilizopauka inatosha kuanzia.

Kuchunguza kichwa

Nywele za kipilipili zinahitaji jicho lililozoea. Swali la kwanza ni kama nywele zinatoka na shina au zinakatika. Chukua chache alizozileta au zilizobaki kwenye kitana. Zenye kinundu cheupe kwenye ncha moja zimetoka na shina. Zisizo nacho zimekatika njiani kwa sababu ya dawa ya kulainisha, moto wa pasi au kitana kikavu. Kisha shika fungu la nywele 40 hadi 60 karibu na ngozi, ulivute taratibu kuelekea nchani. Zikitoka zaidi ya moja katika kumi, na zikawa na vinundu vyeupe, umwagikaji unaendelea.

Hapa kuna jambo linalowatisha wanawake wengi bila sababu. Aliyesuka nywele na kukaa nazo wiki sita hakupoteza nywele siku ya kufumua. Nywele 50 hadi 100 za kila siku zilinaswa ndani ya msuko, na katika siku 42 zimefika kati ya 2,100 na 4,200. Fungu hilo ni la kutisha kulitazama, lakini ni la kawaida kabisa.

Yako mengine ambayo hayafai kuitwa ya upasuaji. Upara wa pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio hutokana na misuko inayokaza. Mabaka ya duara yenye ngozi laini ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mabaka yenye magamba huenda ni fangasi. Upara unaoanzia utosini na kupanuka polepole, ngozi ikiwa laini yenye kung'aa na vitundu vya nywele vimepotea, ni wa kovu. Huu hauponi kwa kusubiri, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa ngozi mapema. Tezi ya thairoidi ipimwe ikiwa kuna uchovu, baridi isiyoeleweka au mapigo ya moyo yaliyobadilika. Kaswende nayo huweza kunyofoa nywele kwa viraka visivyo na mpangilio.

Protini kwanza, ugali mwisho

Lengo la kawaida baada ya upasuaji ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye afuate kiwango alichopangiwa. Kwa tumbo dogo hilo si jambo jepesi. Mayai mawili yana gramu kama 12. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina zaidi ya 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 7, na kipande kidogo cha kuku cha gramu 50 ni kama 13. Jumla imefika 60, na haijahitaji unga wa protini wa dukani. Dagaa wakavu, waliosagwa na kuchanganywa katika mchuzi au uji, hubeba protini nyingi katika kijiko kidogo.

Mgonjwa aanze na kitoweo, afuatishe mboga, na ugali au wali uje mwisho kama nafasi imebaki. Wengi wetu tumelelewa kula kinyume chake. Jambo jingine ni supu. Mtu hunywa bakuli la mchuzi wa supu akiamini amekula nyama, ilhali sehemu kubwa ya protini imebaki kwenye ile nyama aliyoiacha chini.

Vidonge vinavyofaa na vinavyodanganya

Vidonge vya vitamini na madini baada ya upasuaji huu ni vya maisha yote, na kuviacha nywele zinapotoka ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Kidonge cha chuma kisimezwe pamoja na cha kalsiamu, kwani hushindania njia moja. Viachane kwa saa mbili. Chai ya rangi na kahawa nazo huzuia chuma, hivyo zisubiri.

Biotini ndiyo inayonunuliwa zaidi, na ndiyo yenye ushahidi mdogo zaidi. Upungufu wake ni nadra. Dozi kubwa inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwamo vya thairoidi na cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Anayeitumia na awaambie wapimaji.

Zinki yahitaji tahadhari ya aina nyingine. Ikipungua, nywele hutoka, vidonda huchelewa kupona na ladha ya chakula hubadilika. Lakini anayeimeza kwa wingi kwa miezi hukosa madini ya shaba, na kukosa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu yenye kuyumba, ambayo huenda isiondoke yote. Vitamini A na seleniamu zikizidi huangusha nywele zilezile mtu anazojaribu kuziokoa. Dawa ya kupaka ya minoksidili kwa kawaida haihitajiki hapa, na isitumiwe na mjamzito.

Miezi ya kungoja

Nywele mpya zikishaanza, hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mwanamke aliyekuwa na nywele za sentimita 20 atangoja karibu miaka miwili kuzipata tena kwa urefu ule, ingawa wingi wake utaonekana mapema zaidi, mara nyingi kati ya mwezi wa tisa na mwaka mmoja tangu upasuaji. Dalili ya kwanza ni nywele fupi zilizosimama kwenye ukingo wa paji la uso, ambazo wengi huzidhania kuwa zimekatika.

Katika kipindi hicho nywele fupi humwonyesha mtu nafuu haraka kuliko ndefu zilizopungua. Misuko iwe legevu, na rasta za kuongeza zenye uzito ziepukwe. Dawa ya kulainisha na moto vingoje. Kilemba, mtandio na wigi havidhuru mradi visikaze, na hakuna haja ya kumkataza mtu asijisitiri.

Maneno ya mhudumu yana uzito wake. Ni vema yasemwe kabla ya upasuaji, kwa lugha nyepesi: «Mama, mwezi wa tatu nywele zitaanza kutoka. Zitakutisha, lakini zitarudi. Usiache vidonge, na njoo tuzitazame pamoja.» Aliyeambiwa hivyo huja kliniki. Asiyeambiwa huenda dukani. Kwa wasiotaka siri yao ijulikane, jibu fupi kwamba daktari anawafuatilia latosha. Hawadaiwi maelezo zaidi na yeyote.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye nywele zake zisimshughulishe mhudumu kwanza. Ni yule anayesema, katikati ya mazungumzo juu ya kitana, kwamba amekuwa akitapika kwa wiki mbili au zaidi. Huyu yumo katika hatari ya kuishiwa vitamini B1, na akiona vitu viwili viwili, akiyumba anapotembea au akichanganyikiwa, ni dharura. Apewe thiamini kwa mshipa kabla ya dripu ya glukosi, kwani sukari ikitangulia huweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki na kuudhuru ubongo, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo.