Uvumilivu wa Mapafu



Katika miezi ya mavuno mtu asimamaye Chimala na kutazama upande wa bonde la Usangu huona vumbi kabla hajaona watu. Huku mpunga wapigwa, kule wapepetwa, na penye mashine za kukoboa pumba hurushwa hata mapaa ya nyumba za jirani hubadilika rangi. Ng'ombe nao wapita, nao wana vumbi lao. Jioni huwashwa kuni, moshi ukajaa jikoni. Hayo yote twayavuta kwa pua zetu. Nasi twauliza: Mbona walio wengi hawaugui?

Tumezoea kufundishwa ya kuwa mwili una askari, na kwamba kila kigeni kiingiapo askari hukipiga. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kama ingekuwa hivyo tu, mapafu ya mkulima wa mpunga yangekuwa uwanja wa vita tangu alfajiri hata usiku, wala asingemaliza juma moja.

Tufikiri kwanza kazi yenyewe. Mtu mzima huvuta pumzi zaidi ya 20,000 kwa siku moja, na hewa ipitayo kifuani mwake ni lita 10,000 hivi, yaani madebe 500. Yeye apandaye kwa miguu kutoka Chimala kwenda Matamba, kwa njia ile ya kona 57, huvuta zaidi. Hewa hiyo hufika katika vifuko vidogo sana, ambavyo hesabu yake ni mamilioni ya mamia. Ukuta wa kifuko ni mwembamba ajabu: hewa na damu hutengwa na kitu kisichofikia sehemu moja ya elfu ya milimita. Basi, kidole kikichomwa na mwiba huvimba, chapata moto, chatoa maji, kisha chapona. Hakuna hasara kubwa. Lakini vifuko vya mapafu vikivimba na kujaa maji, hewa haina mahali pa kupita, na mtu hufa kana kwamba amezama mtoni, naye yu kitandani. Kwa hiyo mapafu hayana budi kujua mambo mawili, kupigana na kujizuia, na hilo la pili ndilo gumu kuliko la kwanza.

Ndani ya vifuko hivyo hukaa chembe hai zinazomeza takataka. Sisi tutaziita wafagiaji. Hazikai mahali pamoja. Mwaka 2020 wataalamu wa Canada walieleza jinsi walivyozitazama katika mapafu ya panya walio hai: zilitambaa kutoka kifuko hata kifuko, zikameza vijidudu kimya kimya kabla kengele haijapigwa wala askari wa damu hawajaitwa. Pale zilipozuiwa kutembea, askari walikuja kwa wingi na mapafu yakaumia. Fikirini mlinzi wa usiku ambaye akiona nyoka mdogo uani humwua kwa fimbo yake, akaendelea na zamu yake. Hapigi kelele hata kijiji kizima kitoke na mikuki gizani, watu wakachomana wenyewe kwa wenyewe.

Ni nani awafundishaye wafagiaji utulivu huo? Ni ukuta wenyewe. Chembe za ukuta zikiwa nzima huwagusa na kuwapelekea ishara ya kwamba mambo ni salama. Ukuta ukijeruhiwa, ishara hukoma, na mfagiaji huwa mkali. Tena, utelezi ule upakao vifuko visishikamane una vitu viwili vya ajabu: kusipokuwa na kijidudu humwambia mfagiaji anyamaze, na kijidudu kikishikwa nao humwamsha.

Juu ya wafagiaji wako wengine wenye amri kubwa zaidi. Katika askari wa damu kuna kundi ambalo kazi yake si kupiga, bali kuwatuliza wapigao. Mjapani Shimon Sakaguchi aliwatambua mwaka 1995, wakati wataalamu wengi walipokuwa hawaamini kwamba wapo. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, Wamarekani, walionyesha kosa katika jeni moja, iitwayo sasa FOXP3, ambalo humfanya panya au mtoto wa kiume ashambuliwe na askari wa mwili wake mwenyewe. Baadaye ikajulikana ya kuwa bila jeni hiyo watulizaji hawapatikani. Hao watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2025. Yafaa tulijue jambo hili, maana siku hizi kila soko lina mtu auzaye unga wa kuongeza kinga, kana kwamba kinga haiwezi kuzidi kipimo. Yaweza, na ikizidi huua.

Uviko wa mwaka 2020 na 2021 ulituonyesha. Wengi walioshindwa kupumua hawakuumizwa na kirusi peke yake. Askari wao wenyewe waliendelea kupigana ndani ya mapafu pasipo kiasi. Mwezi wa Juni 2020 Waingereza walitangaza ya kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani ya bei ndogo ambayo huwapoza askari hao, imepunguza vifo kwa theluthi moja katika wagonjwa waliopumuliwa kwa mashine. Walakini wale wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Kumpoza askari ambaye bado ana kazi ya kufanya ni kumsaidia adui. Kwa hiyo dawa hiyo si ya kununua dukani na kujitibu.

Pumu nayo ni uvumilivu uliopungua. Mwenye pumu hupigana na kitu kisichostahili vita: vumbi la nyumba, manyoya ya paka, chavua ya majani. Njia za hewa hukaza, kamasi hujaa, mtoto hupiga miluzi kifuani. Pumu haiambukizi hata kidogo, na waalimu wa vitongoji wasikubali mtoto atengwe kwa ajili yake. Wajue tena ya kuwa dawa za kuvuta ni za namna mbili. Moja hufungua njia upesi wakati wa shida. Nyingine, itumiwayo kila siku hata mtoto akiwa mzima, huwatuliza askari wenyewe. Wengi huipenda ile ya kwanza na kuiacha ya pili, kwa kuwa hawaoni kazi yake.

Je, uvumilivu hufunzwa? Kwa sehemu, naam. Kule Marekani wako Waamishi na Wahuteri, watu wa asili moja ya Ulaya, wote wakulima. Waamishi hufuga kwa desturi ya kale, zizi likiwa karibu na nyumba, na watoto wao huingia humo; Wahuteri hulima kwa mitambo mikubwa, na watoto hukaa mbali. Habari zilizotolewa mwaka 2016 zilisema ya kuwa pumu ilikuwa kwa watoto 5 hivi katika 100 wa Waamishi, na kwa 21 hivi wa Wahuteri. Vumbi la nyumba za Waamishi lilipopewa panya, liliwakinga. Lakini mtu asiseme basi vumbi lote ni jema! Majani au nafaka iliyolowa na kuota ukungu huweza kuharibu mapafu ya mkulima mzima, na moshi wa jikoni huwadhoofisha wafagiaji hata vichomi vikapata nafasi kwa watoto. Kuanika vizuri na kuipa jiko dirisha si mambo madogo.

Iko hatari moja katika uvumilivu huo, nayo ni kifua kikuu. Mdudu wake, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, humezwa na mfagiaji, lakini hafi. Huishi ndani ya yule aliyemmeza. Ndipo mwili humjengea boma la chembe nyingi, akafungiwa humo. Hukadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na katika watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu waugua maishani mwao. Virusi vya UKIMWI huwaua walinzi wa boma, na hatari huzidi sana. Lakini ukali mno nao hausaidii: panya walioondolewa breki moja ya askari wao walikufa kwa kifua kikuu mapema kuliko wenzao. Hata lile tundu katika pafu la mgonjwa, litoalo wadudu kila akohoapo, huchimbwa kwa sehemu kubwa na moto wa mwili wenyewe.

Basi aliyekohoa majuma mawili apelekwe kupima makohozi, bila kungoja damu. Dawa hutolewa bure katika nchi yetu. Kwa kifua kikuu cha kawaida cha mtu mzima, huwa ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua na mgonjwa hutamani kurudi shambani na kuziacha. Lakini wadudu waliolala ndani ya maboma huchelewa kufa, na miezi ile minne ya mwisho ni kwa ajili yao.