Nimemchora, sasa hanisemeshi

Mwanangu mchoraji wa Wagenia,

Barua yako nimeisoma, na zile kurasa tatu ulizoambatanisha nimezitazama zaidi ya barua. Wasomaji wengine wajue: kijana huyu wa sekondari huko Kisangani, mwenye haya kupita kiasi, amekuwa akichora kwa siri hadithi ya mapenzi kwa mtindo wa manga. Shujaa wake ni msichana wa darasani mwao, anayesifika kwa kichwa nguvu. Binamu yake akalipiga picha daftari, akazirusha picha hizo kwenye kundi la simu la darasa. Tangu hapo msichana hamsemeshi. Sasa anauliza: je, aimalizie hadithi na kumpelekea zawadi ya kuomba radhi, kama wafanyavyo kwenye manga?

Hapana. Usimpelekee.

Unasema alikuwa akikutania kama Nagatoro, yule msichana wa kwenye manga, anavyomtania mvulana wa chama cha uchoraji. Lakini Nagatoro ana mtunzi, Nanashi, aliyeanza kuichapisha hadithi hiyo kwa mfululizo mwaka 2017. Mtunzi akitaka utani uwe mapenzi, unakuwa. Huyu wa darasani kwenu hana mtunzi. Umemchora vizuri, sikatai, hasa pale anapoegemea miti ya mitego ya samaki mtoni, kikapu kikubwa kikining'inia nyuma yake na maji yakitoa povu chini. Ila kila neno linalotoka kinywani mwake linakuhusu wewe. Na mikono yake umeificha mifukoni kila anapotokea (najua, mikono ni migumu kuchora).

Kuna jambo umelipita mbio. Siku aliyobishana na prefe wa shule, ile uliyoanza kumpenda, alikuwa anarudishwa nyumbani kwa deni la pesa za masomo. Wewe ukaona muasi. Mimi naona msichana aliyetahayarishwa mbele ya wenzake, kisha daftari lako likamtahayarisha mara ya pili. Tena ulizipanga picha kutoka kulia kwenda kushoto, kama Wajapani. Wenzako wakasoma kutoka kushoto, busu likatangulia salamu! Unalalamika kwamba hawakuielewa hadithi. Mwenye haki ya kulalamika hapo ni yeye.

Mtafute mchana, akiwa peke yake au na rafiki yake, kabla hajapanda baiskeli ya toleka. Mwambie: "Nisamehe. Nilikuchora bila kukuuliza, na picha zikasambaa. Kurasa hizi, amua wewe." Basi. Usiongeze kwamba unampenda. Hilo ameshalisoma, na darasa zima pia. Haya zako nazielewa, lakini kwenye manga mtu mwenye haya huchorewa kiputo cha mawazo, msomaji akamwelewa. Juu ya kichwa chako hakuna kiputo. Ukinyamaza, anachokiona yeye ni mvulana aliyemchora kisha akamkwepa.

Kuhusu baba yako, ambaye unasema anataka uache penseli ukavue: nenda mtoni, na penseli nenda nayo. Ukurasa wako ulio bora hauna msichana. Ni ule wa mjomba wako juu ya miti, mguu mmoja hewani, na zile kamba za msituni zinazoishika miti zimechorwa hadi fundo linaonekana. Hapo hukumwiga Mjapani yeyote. Mchoraji Barly Baruti naye alizaliwa hapo hapo Kisangani, mwaka 1959, na katika kitabu cha Madame Livingstone alichora vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Mtafute umsome, uone mtu wa kwenu anavyochora maji.

Msichana akisema kurasa zichanwe, zichane mbele yake bila kununa. Zilizo kwenye simu ni kazi ya binamu yako: azifute, awaombe wenzake wafute, na aombe radhi kwenye kundi lile lile alilozirushia. Na akisema anataka kubaki nazo, mpe, wala usimuulize kwa nini.