Njeo Iliyopita na Sikio la Mwanafunzi: Kiingereza katika Sekondari za Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili kwa nini zoezi la kusikiliza Kiingereza halipaswi kutengwa na la sarufi. Huko Bukoba na Muleba, wanafunzi wengi huanza na Kihaya, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyeisikia njeo hupotewa hata katika somo la historia.

2.0 Mahali pa Njeo

Kiswahili huweka njeo kabla ya mzizi: *tu-li-funga*. Kihaya kina nyakati zilizopita tatu: *tw-a-kom-a* 'tulifunga (leo)', *tu-kom-ile* 'tulifunga (jana)' na *tu-ka-kom-a* 'tulifunga (kabla ya jana)'. Katika umbo la jana, njeo huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, kama ilivyo katika Kiingereza. Hata hivyo, *-ile* ni silabi mbili, ilhali kiambishi cha *walked* ni konsonanti [t] tu. Aidha, silabi za Kihaya na Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu; hivyo ni rahisi [t] hiyo kutosikika.

3.0 Mapendekezo

Mazoezi yaanze na *wanted*, ambamo kiambishi ni silabi kamili. Yafuate *played*, kisha *walked*. Mwisho iwe *walked to*, ambapo [t] mbili hukutana na sikio pekee halitoshi. Hapo msikilizaji hutegemea msamiati wa wakati, kama *yesterday*.

Kwa hiyo, mwalimu anayekitaja Kihaya darasani hapotezi muda wa Kiingereza. Anatumia ujuzi ambao mwanafunzi tayari anao.