Kuziweka Wazi Takwimu za Kituo Chako cha Polisi Kampala

Kila mwaka Jeshi la Polisi la Uganda hutoa ripoti ya uhalifu ya nchi nzima. Ile ya 2024 ilihesabu kesi 218,715 zilizoripotiwa, kutoka 228,074 za mwaka 2023. Mkazi wa Katwe au Kawempe akiisoma ataona kama wizi umepanda au umeshuka. Hataona ni vijana wangapi walizolewa katika msako wa usiku mtaani kwake, wangapi kati yao walifikishwa mahakamani, na wangapi walikaa selo kupita saa 48, ambazo Ibara ya 23 ya Katiba imeziweka kuwa kikomo. Mimi naamini usawa mbele ya sheria hupimwa kwa hesabu hizi za pili, na raia wa kawaida ana njia ya kisheria ya kuziomba.

Hatua ya kwanza: soma kilichokwisha kutolewa

Ripoti ya mwaka hupatikana bure kwenye tovuti ya polisi. Pitia maelezo ya mbele, kisha tumia muda wako mwingi kwenye majedwali. Kumbuka kwamba kinachohesabiwa pale ni kesi zilizofikishwa kituoni. Kati ya 2021 na 2022 idadi iliruka kutoka 196,081 hadi 231,653. Lakini 2021 ulikuwa mwaka wa kufungiwa ndani kwa ajili ya korona, watu hawakutembea kama kawaida wala kufika vituoni kama kawaida. Anayetangaza ongezeko hilo bila kutaja korona anawapotosha wasomaji wake.

Hatua ya pili: uliza swali dogo linalohesabika

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Ukiomba “taarifa zote za ukamataji Kampala” utajibiwa kwamba ombi ni pana mno, na jibu hilo litakuwa la haki. Chagua kituo kimoja na miezi mitatu. Omba idadi, usiombe mafaili. Maneno yanaweza kuwa hivi:

“Naomba kupewa, kwa kila mwezi kuanzia Januari hadi Machi, idadi ya watu waliokamatwa na kuwekwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Katwe, ikigawanywa kwa jinsia, kwa umri (chini ya miaka 18, 18 na zaidi) na kwa kosa walilotuhumiwa, na kati yao, idadi ya walioachiwa bila mashtaka, waliopewa bondi ya polisi, waliofikishwa mahakamani ndani ya saa 48, na waliofikishwa baada ya hapo. Sihitaji jina la mtu yeyote.”

Kila kipande cha ombi hilo kina daftari lake. Kituo huandika anayeingia mahabusu na anayetoka, kwa hiyo saa 48 zinaweza kuhesabiwa. Mgawanyo wa makosa una uzito wa pekee. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vipengele (c) na (d) vya kile kilichokuwa kifungu cha 168(1) cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, vilivyomwezesha askari kumkamata mtu kwa sababu tu anaonekana mzururaji. Ukikuta watu waliokamatwa baadaye kwa kosa hilo, una swali la kumuuliza mkuu wa kituo. Bondi nayo haina malipo kisheria, hivyo mtaa unastahili kujua wangapi waliipata na wangapi waliikosa.

Hatua ya tatu: peleka ombi panapostahili

Msingi wako ni Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005, pamoja na kanuni zake za 2011. Sheria inamtambua mkuu wa taasisi kuwa ndiye afisa wa taarifa. Kwa hiyo barua inaandikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, makao makuu Naguru, na nakala kwa DPC, yaani kamanda wa polisi wa wilaya, wa eneo lako. Usimbane afande wa zamu kaunta akupe daftari. Hana mamlaka hayo, na utamweka pabaya. Jaza fomu iliyowekwa na kanuni, lipa ada ya shilingi 20,000, dai risiti, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaoanza kuhesabu siku zako.

Haki hii ni ya raia. Wakongomani wengi wanaoishi Katwe, Nsambya na Makindye, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuulizwa vitambulisho, hawawezi kuitumia wenyewe. Jirani raia aweke saini, nao washiriki kutunga maswali.

Hatua ya nne: fuatilia

Afisa ana siku 21 za kujibu. Kimya kikipita muda huo, sheria inakihesabu kuwa kukataliwa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu, kisha Mahakama Kuu. Halazimiki mtu kueleza kwa nini anataka taarifa, lakini mbele ya hakimu jiandae kuonyesha manufaa ya umma. Waandishi Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama walidai mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 hakimu wa Nakawa aliwakatalia, akisema hawakuthibitisha kwamba faida ya kuitoa ingeshinda madhara. Andika hoja yako mapema: saa 48 ni amri ya Katiba, na hesabu isiyo na majina haiharibu upelelezi wowote.

Hatua ya tano: linda watu kabla ya kuchapisha

Ukipokea karatasi, ziingize kwenye Excel, mtu mmoja akisoma na mwingine akiandika, kisha mbadilishane. Hifadhi picha za karatasi asilia. Idadi ikiwa chini ya watu watano, andika “chini ya 5”, hasa kwa watoto na makosa ya kijinsia. Msichana mmoja wa Bwaise hutambulika upesi kwa umri, mwezi na aina ya kosa, hata jina lake lisipotajwa. Uingereza, ambako ramani za uhalifu wa mitaani zimekuwa wazi tangu 2011, alama husogezwa makusudi zisiangukie nyumba ya mtu. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.

Hatua ya sita: linganisha kwa uangalifu, kisha toa

Divisheni za polisi hazilingani na divisheni tano za jiji, kwa hiyo usigawanye ukamataji wa Old Kampala kwa idadi ya wakazi wa divisheni ya jiji ya Central. Sensa ya 2024 ilikuta Kampala ina wakazi takriban milioni 1.8, lakini mchana, kwenye vituo vya teksi na soko la Owino, humiminika umati unaolala Wakiso na Mukono. Ni salama zaidi kukilinganisha kituo na chenyewe, mwezi kwa mwezi.

Mpelekee mkuu wa kituo jedwali wiki moja kabla, umwombe maelezo yake, na uyachapishe kando ya takwimu bila kuyakata. Kisha bandika ukurasa mmoja kwa Luganda na Kiswahili kwenye ubao wa LC1, baraza la mtaa, na uweke faili kamili mtandaoni mtu yeyote aweze kulipakua. Siku hiyohiyo wasilisha Naguru ombi la Aprili hadi Juni, lenye maneno yaleyale na safu zilezile.