Watu Wanapokataa Masharti ya Mlipuko: Mwongozo kwa Viongozi wa Mtaa

Mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, imamu, mchungaji, mhudumu wa afya ya jamii: ugonjwa wa mlipuko ukiingia, ninyi ndio mtakaotumwa kuwaambia majirani wasizike kama walivyozoea, wasikusanyike, wabaki ndani, wachanjwe. Wizara hutoa tangazo, lakini mnaofungiwa mlango ni ninyi. Mwongozo huu ni wenu. Mfano wake mkubwa unatoka Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa huko serikali ilipata karibu kila kitu isipokuwa imani ya watu.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 wakafa. Chanjo ilianza kutolewa siku chache tu baada ya tangazo la kwanza. Lakini Septemba 2018, watafiti walipowahoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo, robo yao walisema Ebola haipo, na walioamini kwamba viongozi wa eneo lao wanawatetea hawakufika theluthi. Wasio na imani ndio waliosita zaidi kuchanjwa na kwenda hospitali.

Ni rahisi kuuita huo ujinga, na ukishauita ujinga umejifungia njia. Watu wa Beni walianza kuchinjwa na makundi yenye silaha mwaka 2014, na mwaka baada ya mwaka waliomba ulinzi wasiupate. Kisha ukaja ugonjwa mmoja, na pamoja nao misururu ya magari, posho na wageni wa kila aina ambao wenyeji waliwaita watu wa Riposte, yaani wa mapambano dhidi ya Ebola. Wakati huohuo surua iliua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, na haikuletewa pilikapilika kama hizo. Mtu anayeuliza kwa nini uhai wake umekuwa na thamani leo tu ameuliza swali la haki. Asipojibiwa atajijibu mwenyewe, na huko Kivu wengi walijijibu kwamba Ebola ni biashara.

Halafu ikaja siasa. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Kilichofungwa ni sanduku la kura. Watu waliandamana, na kituo cha kuchunguza wagonjwa mjini Beni kikavamiwa. Rais mpya aliapishwa Januari, kabla zamu yao haijafika. Mwishoni mwa Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroon aliuawa kwa risasi akiwa kazini hospitalini Butembo. Makundi yenye silaha yana hatia yao, na hakuna kinachohalalisha mauaji hayo. Lakini sharti la afya likishatumika kumnyima mtu haki nyingine, kila sharti litakalofuata litashukiwa. Kwa hiyo ukiona tangazo la ugonjwa limebebeshwa jambo la siasa, kama kuzuia mkutano wa chama kimoja na kuruhusu wa kingine, mwambie mkuu wako mapema na waziwazi kwamba hulipeleki hivyo. Utakuwa unaulinda ujumbe wenyewe.

Tangazo likiwa safi, usianze kwa kulisoma. Anza kwa kuuliza watu wanasema nini kuhusu ugonjwa huo: kisimani, kwenye kijiwe cha bodaboda, sokoni, baada ya sala. Andika maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyasafisha. Tetesi moja mara nyingi huwa na jambo la kweli ndani yake. Huko Kivu ilisemwa kwamba anayeingia kituoni hatoki hai, na ni kweli kwamba wengi walioingia walikufa, kwa sababu walichelewa. Jibu lililosaidia lilikuwa la kuonyesha. Vilijengwa vyumba vya kuta zinazopitisha mwanga, ndugu akakaa upande wa pili wa ukuta akimwona mgonjwa wake na kuongea naye. Waliopona waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na watoto, kwa kuwa hatari ya wao kuambukizwa tena ni ndogo sana. Agosti 2019 zilipotangazwa dawa mbili zilizofaulu katika majaribio yaliyofanyika hukohuko Kongo chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, kukawa na habari njema ya kupeleka nyumbani: aliyetibiwa mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikuwa na nafasi ya kupona karibu tisa kwa kumi. Mtu akisikia kuna faida ya kujitokeza, hujitokeza.

Mazishi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, na hapa naomba tusiwe na haraka. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola ina virusi vingi mno, na kuiosha kwa mikono, kama mama na shangazi walivyofanya siku zote, huweza kuua ukoo mzima. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014, timu za mazishi mwanzoni zilifika zimevaa mavazi meupe tangu barabarani, zikachukua mwili na kuondoka. Familia zikaanza kuficha wafu wao na kuwazika usiku. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya ulioandaliwa pamoja na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo, nao unafaa kujulikana na kila mtaa. Timu hufika kwa nguo za kawaida, hutoa pole, humtafuta msemaji wa familia na kumweleza kila hatua, ndipo huvaa mavazi ya kinga mbele ya watu. Familia huchagua kaburi, huweka nguo au kitu cha marehemu, na huomba dua kwa umbali salama. Kwa Mwislamu, pale maji yasipoweza kutumika, hufanyiwa tayamamu juu ya mfuko na kufunikwa sanda, na anayefaa kuifanya ni Mwislamu aliyefunzwa ndani ya timu. Kama wewe ni imamu, usingoje msiba wa kwanza. Yaeleze haya Ijumaa hii, watu wakiwa na akili tulivu, maana siku ya kifo hakuna anayesikia.

Nguvu ya polisi huonekana njia ya mkato. Kenya ilipoanza kafyu ya korona tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni, wafanyakazi waliokuwa wakipanga foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, walirushiwa mabomu ya machozi na kupigwa virungu kabla hata saa haijafika. Fikiria kiafya tu: ugonjwa huenea kwa pumzi, na watu wamesukumwa pamoja wakikohoa na kupangusa macho. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi hadharani kwa ukatili wa polisi, na alifanya vema, ingawa imani iliyomwagika haizoleki yote. Swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ni jepesi: feri inaweza kuvusha watu wangapi kabla ya saa moja, na wenye ajira wataambiwa wawaachie wafanyakazi saa ngapi? Kila sharti lina hesabu ya namna hiyo. Ifanye wewe kwa mtaa wako kabla jua halijazama siku ya kwanza.

Gharama ni kikwazo kingine kinachojificha. Miezi hiyohiyo, Wakenya waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia malazi, wengine wakatoroka, na wengine wakaogopa kupimwa. Mei 2020 serikali ilitangaza kubeba gharama hizo katika vituo vyake. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku haogopi virusi kuliko anavyoogopa kulala na watoto wenye njaa, na mimi siwezi kumlaumu.

Kuhusu takwimu, toeni hata zikiwa mbaya. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa wa korona mwishoni mwa Aprili 2020. Chanjo ilipofika Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28, lakini wengi walisita, baada ya kukaa zaidi ya mwaka bila kuambiwa ugonjwa uko wapi. Kilichosaidia baadaye ni wahudumu kuwafuata watu majumbani na vijijini pamoja na viongozi wanaowajua. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, taja siku utakayorudi na jibu, na urudi siku hiyo.

Sasa chukua hali ambayo karibu kila kiongozi wa mtaa ataikuta: familia moja inatakiwa kubaki ndani siku 21 kwa sababu ilimgusa mgonjwa wa Ebola. Agosti 2014 serikali ya Liberia iliuzingira mtaa mzima wa West Point, Monrovia, kwa askari. Ghasia zikazuka, kijana mmoja akafa kwa risasi, na zuio likaondolewa baada ya siku kumi. Fanya kinyume chake. Kabla ya kuomba mlango ufungwe, hakikisha unga, maharage, mafuta, mkaa, sabuni na madumu ya maji vimefika. Uliza nani ana dawa za kila siku, nani ananyonyesha, mbuzi watalishwa na nani. Zungumza na mwajiri wa baba na mwalimu wa watoto. Waambie majirani kwamba familia hiyo inawakinga wao, ili asiwepo wa kuwarushia mawe. Mtu mmoja yuleyule awapime joto kila siku, wamzoee. Taja tarehe ya kumalizika, iandikwe ukutani. Na waachie namba ya simu ya mtu atakayepokea hata usiku, mwenye uwezo wa kuleta unga ukiisha.